Waipa za Ami Mkadam

Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na kabla ya chakula kupakuliwa, Mkadam bin Said alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Alizinyanyua waipa za gari lake kutoka kwenye kioo cha mbele, akazisimamisha hewani, akaipangusa mipira yake kwa kitambaa cha pamba mpaka vumbi likaisha, kisha akaipaka mafuta ya nazi. Hakuwa na pupa. Alichovya ncha ya kidole, akakipitisha ukingoni mwa mpira tangu mwanzo hadi mwisho, akarudia, kama mtu anayempaka wanja bibi harusi na kuogopa kumtia jichoni.

Ada hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, fundi wa baiskeli wa Mkunazini, Unguja, ambaye hakujua dawa nyingine duniani. Kufuli likikwama, mafuta ya nazi. Kiti cha baiskeli kikikauka ngozi, mafuta ya nazi. Mikanda ya cherehani za majirani, bawaba za milango, vichwa vya wanawe kabla ya kwenda chuoni, vyote vilipakwa kutoka chupa ile ile. "Kitu kikavu hakina umri," alikuwa akisema mzee yule. Mkadam alitoka Unguja hajaota ndevu, akaja Omani pamoja na watu wake, na katika yote yaliyoachwa nyuma, neno lile hakuliacha.

Maisha yake ya kazi yalipita katika mji wa Ibra. Alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali, akiwachukua wakubwa kwenda Sur, kwenda Jaalan, kwenda Al Mintirib pale mchanga unapoanza. Jua la upande ule halimwonei mtu haya. Mipira ya waipa za madereva wenziwe ilipasuka na kukunjamana kama maganda ya muhogo yaliyosahauliwa uani. Ya Mkadam ilibaki myeusi, laini, inayopinda bila kukatika. Wenziwe walikuja kuishika kwa vidole vyao na kutikisa vichwa. Walisema watu wa Unguja wana ilimu zao, naye alikaa kimya kwa adabu, lakini moyoni alikuwa ameshavimba. Mtu hupewa sifa chache katika umri wake, na ile ilikuwa yake.

Mvua yenyewe Ibra ni mgeni asiyepiga hodi. Ikija, huja na wadi, mafuriko ya ghafla bondeni, na mtu mwenye akili huliacha gari lake mlangoni, akakaa barazani kutazama maji yakipita. Mkadam alikuwa mtu mwenye akili.

Kisha akastaafu. Baadaye kidogo mkewe, Bi Kudura, akafariki, na nyumba ya Ibra ikawa kubwa kuliko mtu mmoja. Mwanawe Turki, aliyekuwa na kazi Nizwa, akamjia na kumwambia hawezi kumwacha baba yake peke yake. Akampa chumba kizuri kinachotazama uani, chenye kitanda kipya na zulia. Wajukuu walimbusu kichwani asubuhi na jioni. Hakukosa kitu isipokuwa kimoja, na hicho hakujua namna ya kukiomba. Nyumba nzima ilisema Kiarabu. Turki alikifahamu Kiswahili, kwa kuwa alilelewa nacho, lakini alipoulizwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiarabu. Wajukuu hata kukifahamu hawakukifahamu. Mkadam alikisema Kiarabu kwa ufasaha, maana ameishi nacho, ila hakuweza kutania kwacho, wala kukumbuka, wala kumlilia mkewe. Tangu Bi Kudura alipozikwa, Kiswahili chake kilikuwa kama nguo za marehemu zilizokunjwa sandukuni: nzima, safi, hazina wa kuzivaa.

Ndipo, mwaka wa masomo ulipoanza, akaja Balqis.

Balqis alikuwa mwalimu wa skuli moja huko juu, kwenye Jabal Akhdar, naye akiishi Nizwa. Bibi yake alizaliwa Malindi ya Unguja, na nyumbani kwao bado watu waliulizana hali kwa Kiswahili. Barabara ya kupanda Jabali hairuhusu gari lolote tu. Polisi walioko chini, baada ya Birkat al Mauz, huangalia kwanza kama gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Gari la Mkadam lilikuwa la namna hiyo. Balqis alikuwa na mwenziwe, Alyaa, mwalimu mpya, msichana mwenye kucheka, ambaye naye asili ya kwao ilikuwa Pemba. Wakahitaji mtu mzima, mwenye heshima, wa kuwapandisha asubuhi na kuwateremsha adhuhuri. Mama zao wakauliza, wakaambiwa yupo Ami Mkadam, na Ami Mkadam akakubali kabla hawajamaliza maneno yao.

Basi kila asubuhi kati ya Nizwa na Jabali kulikuwa na saa moja ya Kiswahili, na adhuhuri saa nyingine. Balqis alikaa mbele, Alyaa nyuma. Mkadam alilala mapema ili kukipambazuka awe na maneno mapya ya kuwapa. Aliwafunza mafumbo, aliwafunza majina ya vyakula ambavyo wao walivila bila kuvijua majina, aliwasimulia harusi za zamani. Nao wakamcheka, wakamchokoza, wakamwita ami.

"Ami, wallahi gari yako inanuka mkate wa kumimina," Alyaa alisema siku moja, kipasha joto kilipowashwa kwa mara ya kwanza.

"Linanukia, mwanangu. Kunuka ni kwa papa mkavu."

"Haya, linanukia. Lakini mbona linanukia? Umeuficha wapi huo mkate?"

"Mwache," Balqis akasema akicheka. "Ami ana mke wa siri jikoni kwa Turki, anampikia usiku."

"Astaghfirullah, nyie watoto!" Mkadam akasema, na bega zima likamtikisika kwa kicheko. Siku ile alipofika nyumbani, mkwewe, mke wa Turki, alimuuliza kwa Kiarabu kuna habari gani njema, maana uso wake ulikuwa umekunjuka. Alishindwa kumwelezea.

Hiyo ndiyo safari aliyoogopa kuipoteza. Akiikosa, hapakuwa na mahali pengine pa kukisema Kiswahili chake.

Baridi ilipoingia, iliingia kwanza huko juu. Nizwa watu walivaa sweta za asubuhi na kuzivua kabla ya adhuhuri. Juu ya Jabali, matawi ya mikomamanga yalikuwa yameanza kuamka meupe kwa sakitu, ule umande unaoganda kabla haujadondoka, na maji ya ng'ombe yalikuwa na ngozi ya barafu. Mkadam aliliegesha gari karibu na skuli, akakaa msikitini au katika duka la chai mpaka wanafunzi watoke. Aliporudi garini, alizikuta waipa zimeshikamana na kioo kama zilizogundishwa.

Siku ya kwanza ya ukungu aliziwasha, nazo zikapita juu ya kioo na kuacha utandu mweupe, mwembamba, kama uji uliomwagika na kupanguswa vibaya. Alizirudisha, utandu ukatandazika zaidi. Zilikuwa zikitetema, zikiruka-ruka badala ya kuteleza, na kila zikiruka zilitoa mlio uliomfanya Alyaa ajizibe masikio.

"Zinalia baridi, masikini," Alyaa akasema.

"Kesho zitanyamaza," Mkadam akajibu.

Akadhani mipira imechoka. Alasiri ile ile alinunua mipya, iliyokuja katika karatasi yake. Kabla ya kuifunga, akaipaka mafuta ya nazi, kama mtoto mchanga anavyopakwa kabla ya kuvishwa. Mafuta yenyewe siku hizo yalikuwa yakiganda ndani ya chupa, meupe kama mshumaa, nawe usingeweza kuchovya kidole. Kwa hivyo aliiweka chupa juani, juu ya boneti, mpaka yakayeyuka. Jambo hilo alilijua tangu Ibra: nyakati za baridi mafuta ya nazi huganda, ukayaweka juani. Alilijua kama mtu anavyojua jina lake, na kwa sababu hiyo hakuliwazia hata kidogo.

Mipira mipya ikafanya yale yale ya mikongwe.

Akadhani tatizo ni mikono ya waipa, kwamba springi zake zimelegea na hazikandamizi tena. Akaikaza nati ya kila mkono, kwa kuwa mmoja ulikuwa umeanza kuteleza kwenye meno yake. Akaukunja ule wa kushoto kidogo kwa koleo ili ukandamize. Ilikuwa kazi safi. Waipa zikakikandamiza kioo barabara, na utandu ule ukapakwa vizuri zaidi, kama siagi juu ya mkate.

Akadhani ni maji ya kuoshea kioo. Alipobonyeza kitufe, pampu ililia kidogo ikanyamaza, na vile vitundu viwili vya boneti havikutoa hata tone. Akagundua kuwa maji yameganda ndani ya mpira unaoyapandisha, na kwamba pampu, ikisukuma pasipopita kitu, imeikata fyuzi yake. Akatia fyuzi nyingine. Akaja na chupa ya chai yenye maji ya moto, akayamimina polepole mpaka mpira ukazibuka, na maji yakaruka juu ya kioo kwa furaha yake na ya wale wasichana wawili. Kabla hawajamaliza kushangilia, yakawa barafu.

"Ami, umetutengenezea kioo juu ya kioo," Balqis alisema kwa upole.

Mtu anayehangaika hurudia lile analoliamini. Mkadam hakungoja tena Ijumaa. Alizipaka waipa mafuta kila alfajiri, tena kwa wingi, na alipoona hata hivyo hazitelezi, akakipitishia na kioo chenyewe kitambaa kilicholowana mafuta, ili zipate njia. Pale Nizwa, hewa ikiwa na uvuguvugu wa injini, kioo kiling'aa kweli. Aliondoka nyumbani na roho safi kila siku.

Siku moja, adhuhuri, walikuwa wakiteremka. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya mlima tangu asubuhi, na walipoingia katika zile kona za mteremko mkali, mvua ikaanza, na ndani ya mvua ikaja mvua ya mawe. Mkadam aliziwasha waipa. Zilipita mara moja tu, na kioo kizima kikawa cheupe, kama pazia limeshushwa.

"Ami," Balqis akasema. "Unaona?"

"Naona, mwanangu."

Hakuona. Aliona mwanga, na ndani ya mwanga aliona weusi ambao alidhani ni jabali la upande wa kulia, akajishikiza na weusi ule. Alitia gia ndogo. Waipa zilikwenda na kurudi, zikitetema, na kila zikirudi zilikuwa zimeongeza. Angeweza kusimama. Nyuma yake hapakuwa na gari, na mbele yake hakujua. Lakini alikuwa ameshasema anaona, na mtu aliyesema anaona hasimami.

Balqis akashusha kioo cha dirisha lake, akatoa kichwa nje, mawe yakimpiga usoni.

"Kulia, ami. Kulia... kulia! Simama! Simama, simama!"

Gari likasimama. Palikuwa na mlio wa chuma, mdogo, kama wa kijiko kikigusa sahani. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limeugusa ukingo wa chuma wa barabara, na ng'ambo ya ukingo hapakuwa na kitu ila mvua ikielekea chini. Nyuma, Alyaa alikuwa akisoma Ayatul Kursi kwa sauti isiyosikika. Ni midomo tu iliyokwenda.

Walikaa hivyo hadi mawe yalipokwisha. Kisha Mkadam akateremka, akakisugua kioo kwa kanzu yake, na utandu haukutoka, ulihama tu mahali. Akaendesha kichwa kikiwa dirishani mpaka chini kwa polisi, mahali hewa ilipokuwa na joto na kioo, chenyewe kwa chenyewe, kikarudi kuona. Walipofika kwao, Balqis alishuka, akaufunga mlango taratibu.

"Alhamdulillah, ami. Umetufikisha. Allah akupe afya."

"Amina, wanangu. Samahani kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu, ami," wakasema wote wawili pamoja, haraka.

Jioni Balqis akapiga simu. Alimsalimu kwa shikamoo ndefu, akamuuliza hali yake na ya Turki na ya watoto, kisha akasema kesho asijisumbue, skuli kuna mkutano, watapanda na mwalimu mwenzao anayepitia njia ile. Mkadam alishukuru. Kwake ilikuwa bahati: angepata siku nzima ya kulishughulikia gari.

Akalipeleka kwa Marzouq, mwenye gereji katika eneo la viwanda vidogo la Nizwa. Marzouq mama yake alikuwa Mpemba, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Ami Mkadam! Leo umekumbuka masikini? Nikadhani wewe na gari lako hamuugui."

"Waipa, mwanangu. Nimebadilisha mipira, nimekaza mikono, nimetia fyuzi. Hazisafishi."

Marzouq akapitisha kidole juu ya kioo. Akakitazama kidole. Akakinusa. Akamtazama mzee, kisha akakinusa tena.

"Ami, umepika wali juu ya kioo?"

"Wali gani?"

"Nazi hii."

Mkadam akamweleza, kwa utulivu, kuhusu mafuta na mipira, na jinsi jua linavyokausha, na zile safari za Jabali. Akaitoa chupa chini ya kiti amwoneshe. Ilikuwa imeganda.

Marzouq akaipindua. Hakikutoka kitu. "Na hii unafanyaje ikiwa hivi?"

"Naiweka juani. Huyeyuka."

"Ee. Na kioo nacho, kule juu, ulikuwa ukikiweka juani?"

Mafundi wawili waliokuwa chini ya gari la pili wakacheka, na Marzouq mwenyewe akacheka, kwa kuwa lilikuwa neno la kuchekesha. Mkadam hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa amekitazama kioo chake, na mambo yote ya majuma yale yalikuwa yakijipanga mbele yake moja baada ya jingine, kila tengenezo na mafuta yake juu yake.

"Lakini mpira, si yanautunza?" akauliza hatimaye. "Ibra yangu hayakupasuka. Miaka yote ile."

Marzouq akauvuta mpira mmoja, akauminya. Ulikuwa umevimba ukingoni, laini mno, kama mkate uliotiwa chai.

"Mafuta huuvimbisha mpira, ami. Ukivimba haukati maji, unayapaka. Ibra mvua ilikunyea mara ngapi?"

Mkadam akaichukua chupa yake, akairudisha chini ya kiti.

"Basi ndiyo hivyo," Marzouq akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka, maana hakuwa mtu mbaya. "Ibra hukuzitumia, ami. Ulizipamba tu."

Kazi ya Marzouq ilikuwa nzuri. Alikiosha kioo kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, akakikwangua kwa wembe mpana, akakiosha tena, akakipangusa kwa spiriti hadi kitambaa kikavu kikipita kilitoa mlio. Akaunyoosha ule mkono wa kushoto uliokunjwa. Akatia mipira mipya, na ndani ya kitangi cha maji akatia dawa inayozuia kuganda, akaonesha chupa yake ilivyoandikwa. Kisha akaziwasha waipa na kumwagia kioo ndoo ya maji. Zilipita bila sauti. Nyuma yake hakukubaki hata mstari.

"Hizi usizitie kitu," akasema. "Hata dua, ziombee kwa mbali."

Mkadam akaenda nyumbani akijihesabu mtu aliyepona. Usiku Alyaa alimtumia ujumbe wa sauti: kashikwa na mafua, na Bi Balqis naye hatakwenda, basi ami apumzike. Siku ya pili ukaja ujumbe mwingine: wageni nyumbani. Kisha ikawa Alkhamis, na wiki ya skuli ikaisha. Mkadam alizipokea habari hizo zote kwa dua: alimwombea Alyaa mafua yaondoke, akawaombea wageni safari njema. Neno moja tu alikuwa akilitunza, jinsi atakavyowaambia Jumapili, wiki ya skuli ikianza: "Leo nimekileta kioo kilichotahiriwa." Aliliona lina kichekesho. Alilirudia-rudia peke yake chumbani, akilibadilisha hapa na pale.

Jumapili kulikuwa na manyunyu Nizwa tangu alfajiri. Hakuna aliyempigia simu kumwambia asije, naye akakichukua kimya kile kuwa ni ada imerudi. Alifika mlangoni kwa Balqis mapema kidogo kuliko desturi. Waipa zilikuwa zikipita taratibu, na taa za mtaa zilionekana kupitia kioo kama zimechorwa kwa kalamu.

Geti likafunguliwa na Kuruthum, mfanyakazi wa nyumba ile, mwanamke wa Tanga mwenye kwenda upesi na kusema polepole. Alikuwa na ufagio wa maji mkononi. Alipoliona gari, akasita.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Waambie nipo, wasiharakishe."

Kuruthum akautazama ufagio wake. Akautazama mtaa, kulia na kushoto.

"Bi Balqis ana homa," akasema.

"Lahaula. Homa tena? Na Alyaa?"

Alikuwa na moyo wa kweli katika kuuliza, na huo ndio uliomshinda Kuruthum. Akausimamisha ufagio ukutani.

"Mzee wangu, mimi nimeambiwa nikwambie ana homa. Lakini siwezi kumzulia mtu homa, na wewe unamwombea. Wameshaondoka. Wanapanda na Yazeed, yule binamu yake Alyaa. Tangu wiki iliyopita."

Manyunyu yaliendelea. Waipa zikapita, zikarudi.

"Kioo nimekitengeneza," Mkadam akasema.

"Naona, mzee. Kinang'aa."

"Ilikuwa mafuta tu. Marzouq ameyatoa yote."

"Ndiyo, mzee." Kuruthum akakunja mikono ndani ya khanga yake. "Bi Balqis anakupenda sana. Alilia siku ile. Alisema, ningejua haoni tungengoja, hata mpaka magharibi. Akasema tena, lakini nilimuuliza, akaniambia anaona."

Akayasema hayo kwa nia ya kumfariji, kumwonesha kuwa hakuchukiwa. Mkadam akaitikia kwa kichwa. Alimfahamu Balqis vizuri kabisa. Angeweza sasa kumpigia simu na kumweleza habari za nazi na baridi, naye angecheka, angesema alhamdulillah, na asubuhi ya pili, kwa haya na kwa heshima, angelipanda gari hili tena na kukaa mbele. Mvua ya kwanza ikinyesha angemuuliza, "Ami, unaona?" Naye angejibu. Na jibu lolote ambalo angelitoa lisingekuwa na thamani. Mipira huuzwa dukani. Hakujua ni gereji gani wanamotengeneza neno la mtu.

Na wale wasichana wasingemwambia kamwe. Hawakulelewa kumwambia mzee jambo kama hilo usoni. Wangeugua mafua, wangepokea wageni, wangefiwa na shangazi wasiokuwapo, wiki baada ya wiki, na kila uongo ungewaumiza, mpaka mmoja wao aone aibu kuonana naye sokoni. La kuvunda halina ubani. Alikaa kidogo, mikono juu ya usukani.

"Kuruthum, mwanangu."

"Labeka, mzee wangu."

"Wewe hukuniambia kitu. Mimi nilikuja kuwaaga tu. Wakirudi waambie Ami Mkadam alipita alfajiri, anahamia kwake Ibra. Nyumba haikai bila mtu. Basi asubuhi zao wafanye mpango mwingine, na wanisamehe nimewaambia ghafla."

Kuruthum alimtazama. Alikuwa ameishi katika nyumba za watu kiasi cha kutosha kujua anachopewa akibebe.

"Nitawaambia, mzee," akasema. "Mungu akutangulie."

Sasa ilimbidi ahame kweli. Nizwa si mji wa kujificha. Ukimkimbia mtu kwenye duka la tende utamkuta kwenye duka la samaki. Turki alishangaa, akakataa, akauliza nani kamuudhi, mkwewe akalia machozi ya haki. Mkadam akawaambia kwa Kiarabu kwamba baridi ya Nizwa imemwingia mifupani, na wakaamini, kwa sababu ni mzee. Alifunga nguo zake. Wajukuu walimbusu kichwani.

Balqis alipiga simu Mkadam akiwa njiani, baada ya mji wa Sinaw, barabara ikiwa imenyooka na jua limetoka. Akaliegesha gari pembeni ili azungumze naye vizuri.

"Ami! Kuruthum ametwambia. Kweli unatuacha?"

"Kweli, mwanangu. Nyumba inanita."

Kabla hajajibu, pumzi ikamtoka Balqis. Ilikuwa ndefu, ya mtu aliyeutua mzigo wa kuni, na simu ikaileta yote. Mkadam aliisikia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Tutakukosa, ami," Balqis akasema, na hilo nalo lilikuwa kweli, sauti ilimkatika. "Nani atatufunza maneno? Alyaa huyu hapa, anasema nani atamtukana kuhusu papa mkavu?"

"Mwambie ajitukane mwenyewe, ameshakua." Wakacheka, wote watatu. "Mmepata gari?"

"Tutatafuta, ami. Labda Yazeed."

"Yazeed kijana mzuri. Mwambieni mvua ikizidi asimame. Asione haya kusimama."

"Tutamwambia, ami," Balqis akasema polepole.

Wakaagana kwa dua nyingi. Mbele kidogo aliingia kituo cha petroli. Kijana wa pampu akamuuliza kwa Kiarabu ajaze, Mkadam akamjibu kwa Kiarabu ajaze. Kijana akachukua kitambaa chake na kutaka kumpangusia kioo, akakiona kisafi, akakiacha. Tangu hapo hadi Ibra hakusema neno jingine, na alipofika akafungua mlango wa nyumba, akaingia bila kupiga hodi, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkaribisha.